Simu si ya mwanafunzi

Mwalimu wa sekondari Tanzania anapotuma zoezi kwenye WhatsApp, mara nyingi simu inayolipokea si ya mwanafunzi. Ni ya mama aliye sokoni na mboga zake, ya baba aliye safarini na lori, au ya dada mkubwa anayerudi kazini saa moja usiku. Wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na wa kutwa wengi hawana ya kwao. Nawaandikia walimu wenzangu, hasa wanaoanza kazi, kwa sababu karibu kila kosa tunalolifanya mtandaoni linaanzia hapo. Tunaandika kana kwamba tumesimama mbele ya ubao, kumbe ujumbe unabisha hodi nyumbani kwa watu. Mwenye simu ndiye anayeusoma kwanza, kwa bando lake, akipata nafasi, na yeyote aliyekaa naye anauona.

Makundi mengi ya wazazi yalizaliwa mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29, na katikati hapo kila mwalimu alifungua kundi usiku mmoja bila kufikiri nani awemo na kwa kanuni gani. Makundi hayo tuliyarithi na tabia zake zote: salamu za asubuhi zenye maua, maombi, tangazo la vitenge, video ya ajali, halafu katikati yake zoezi la ngeli ambalo hakuna aliyeliona.

Kwa hiyo anza na kundi lenyewe. Jina liwe kamili na lenye mwaka, mfano "Wazazi Kidato cha 2B 2025", maana mzazi mwenye watoto watatu yumo kwenye makundi matatu na yote yana picha ya nembo ya shule. Kwenye maelezo ya kundi andika mistari minne tu: kundi ni la nini, maswali yanajibiwa saa ngapi, nini hakiwekwi, na sentensi hii bila kupunguza neno: "Mwalimu hataomba pesa kupitia kundi hili wala kwa namba yake binafsi." Nitarudi kwenye sentensi hiyo.

Maadmini wawe wawili au watatu, asiwe mmoja kamwe. Mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma wanatosha. Simu huibiwa, walimu huhamishwa katikati ya muhula, na kundi lenye admini mmoja aliyepoteza laini ni nyumba iliyofungwa ufunguo ukiwa ndani. Admini pekee akijitoa, WhatsApp yenyewe humpa uadmini mtu mwingine kati ya waliobaki, na huyo anaweza kuwa mjomba wa mtoto aliyeingizwa kwa bahati mbaya.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kundi uweke kwamba maadmini pekee ndio wanaotuma. Walimu wengine wanaona huu ni ukali. Mimi naona ni heshima kwa chaji na bando la watu. Fungua kundi kwa saa moja, tuseme saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu jioni, siku mbili kwa wiki, kisha lifunge. Mzazi mwenye jambo la mtoto wake peke yake akuandikie pembeni, na kwa kweli wengi hupendelea hivyo, kwa sababu hakuna anayetaka baba wa mwenzake ajue kwamba mwanawe hajui kusoma vizuri.

Kiungo cha kujiunga kisibandikwe ukutani wala kuwekwa Facebook. Mpe mzazi mkononi, washa kipengele cha admini kuidhinisha anayeingia, na wote wakishaingia kibadilishe kiungo ili cha zamani kife. Yeyote aliyemo kwenye kundi anaziona namba za simu za wengine wote. Orodha ya wazazi 60 wenye watoto shule moja, darasa moja, ni mali kwa tapeli. Anachohitaji ni kupiga na kusema: "Mama, mimi ni mwalimu wa zamu, mtoto ameanguka mchezoni, tuko hospitali, tuma elfu hamsini ya vipimo kwenye namba hii." Jina la mtoto analijua, kwa sababu tulilitaja sisi wenyewe kwenye kundi tulipoandika orodha ya ambao hawajaleta daftari.

Ndiyo maana ya ile sentensi ya pesa. Mchango uliokubaliwa kwenye kikao utangazwe kwa barua yenye muhuri, malipo yaende kwenye akaunti ya shule au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, na mwalimu asiwe mpokeaji hata kwa nia njema. Ukikubali mara moja tu kwamba "nitumieni mimi nitawakilisha", umewazoesha wazazi kutuma pesa kwa namba binafsi. Tapeli akija, njia umeshamfagilia.

Jambo la usalama wa akaunti nalitaja kwa ufupi kwa kuwa ni dakika tatu za kazi. Weka hatua ya pili ya uthibitisho kwenye WhatsApp, ile ya PIN ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimtumie mtu yeyote, hata akiwa ni mwalimu mwenzako anayeandika "nimekosea nimekutumia wewe namba yangu ya uthibitisho". Huyo mwenzako ameshaibiwa akaunti na anayeandika ni mwizi. Na ukibadilisha laini, badilisha namba ndani ya WhatsApp kabla ya kuitupa ya zamani. Laini isiyotumika muda mrefu huuzwa upya, na mmiliki mpya hapaswi kukutana na meseji za wazazi wa kidato cha pili.

Ujumbe wenyewe

Hapa ndipo walimu wazuri darasani wanakuwa wabovu mtandaoni. Soma huu, unaofanana na mamia ninayoyaona:

"Zoezi hilo hapo juu wafanye wote kesho nikute wamemaliza."

Mzazi anausoma saa tatu usiku. Hapo juu wapi? Kati ya zoezi na ujumbe zimeshaingia meseji 14. Somo gani? Kesho ipi, ya leo au ya jana, ikiwa ujumbe uliingia bando lilipokuwa limekwisha? Na hiyo sauti ya "nikute" mtoto ameizoea, lakini anayeisoma ni mtu mzima aliyekuzidi umri, na amechoka.

Uandike hivi:

"Habari za jioni wazazi. Kiswahili, Kidato cha 2B. Zoezi la 3, Ngeli za nomino: maswali 5, ukurasa 1, KB 80. Mwanafunzi apakue mara moja na kuandika kwenye daftari la mazoezi. Baada ya hapo hahitaji intaneti. Madaftari yakusanywe Jumatano, Machi 12, asubuhi. Asiyeweza kupakua, nakala ipo kwenye ubao wa matangazo. Mwl. wa Kiswahili."

Ukubwa wa faili kuutaja siyo mapambo. Mzazi anayenunua bando la siku anataka kujua kama kufungua hicho kitu kutammalizia bando. Siku badala ya "kesho" ni kwa ajili ya anayewasha data mara moja kwa siku mbili. Neno "wazazi" linakumbusha mwandishi anaongea na nani. Halafu faili lenyewe litume baada ya maelezo, si kabla, ili anayefungua asome kwanza.

Ukikosea, una dakika 15 za kuhariri ujumbe na kama siku mbili na nusu za kuufuta kwa wote. Lakini usitegemee kufuta. Alama ya "ujumbe umefutwa" hubaki, na kundi zima litajadili ulikuwa umeandika nini. Afadhali kuandika "Samahani, tarehe sahihi ni Machi 13" na maisha yakaendelea.

Wapo wazazi wenye simu za kitochi, na hawa tusiwasahau kwa sababu hawalalamiki. Kwao ni SMS ya kawaida. SMS moja ni herufi 160, lakini ina mtego ambao mwalimu wa Kiswahili hunaswa nao kuliko wengine. Ukinakili maneno kutoka Word, alama ya ritifaa kwenye "ng'" hugeuka kuwa ile iliyopinda. Alama hiyo haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, kwa hiyo simu hubadilisha ujumbe wote uende kwa mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70 tu. Ujumbe wa herufi 150 uliotegemea kulipia mara moja unakatwa vipande vitatu, mara wazazi 25. Kosa ni "ng'ombe" mmoja. Emoji moja ya tabasamu hufanya vivyo hivyo. Andika SMS moja kwa moja kwenye simu, ritifaa iliyonyooka, bila vikaragosi.

Faili, picha na bando la mwenzako

Walimu wengi hupiga picha ukurasa wa kitabu, kiganja kikiwa na kivuli juu yake, halafu hutuma picha nane mfululizo. WhatsApp huzibana picha ili ziwe nyepesi, na maandishi madogo huwa ukungu. Simu nyingi za wazazi zimeachwa na mpangilio wa mwanzo ambao hupakua picha zenyewe hata kwa data ya bando. Kwa hiyo picha zako nane zimeshamla mtu kabla hajaamua kama anazitaka, zimejazana kwenye simu yenye nafasi finyu, na juma la pili simu inaandika hifadhi imejaa. Anayefutwa kwanza ni mwalimu.

Andika maswali kwenye kompyuta au simu, yahifadhi kama PDF, litume kama hati. Kurasa mbili za maandishi matupu mara nyingi hazifiki KB 200. Usitume faili la Word, kwa sababu kwenye simu majedwali hukimbia na mistari ya kujazia hukatika. Ikiwa lazima iwe picha ya kitabu, tumia skana iliyo ndani ya programu ya Google Drive. Hunyoosha ukurasa, huondoa kivuli na hutoa PDF yenyewe. Uweke ukurasa karibu na dirisha, mwanga utoke pembeni, na ufute lenzi ya kamera kwanza. Hili la lenzi linachekesha mpaka ukumbuke simu ya mwalimu hukaa mfuko mmoja na chaki.

Jina la faili ni kazi ndogo inayookoa muda mwingi. "Scan0017" halimsaidii mtu mwezi Oktoba anapotafuta marudio. "Kisw_K2_Zoezi03_Ngeli" linaonekana, linajipanga lenyewe, na mzazi akiulizwa na mtoto analipata. Tumia tarakimu mbili, 03 badala ya 3, la sivyo zoezi la 10 litakaa kabla ya la 2.

Video inahitaji tahadhari zaidi. Dakika moja iliyorekodiwa kwa ubora wa 1080p hufika MB 100 au kuzidi kwenye simu nyingi. Kipindi cha dakika 40 hakitumiki na hakitazamwi. Kinachofanya kazi ni dakika sita hadi nane za jambo moja: namna ya kutambua kitenzi kisaidizi, basi. Usirekodi ubao. Ubao unang'aa, maandishi ni madogo kwenye kioo cha simu, na mgongo wako unaziba nusu. Weka simu juu, imelala kuangalia chini, kati ya marundo mawili ya vitabu vyenye kimo kimoja na rula mbili zikiwa daraja, uandike kwa kalamu nene ya wino kwenye karatasi nyeupe iliyo chini yake. Mtazamaji anaona mkono na maandishi tu, na hicho ndicho anachohitaji. Weka simu kwenye hali ya ndege ili asikupigie mtu katikati. Tumia maikrofoni ya visikizio vya waya, uikaribishe kwenye ukosi wa shati bila kugusa kitambaa. Na usirekodi mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna maikrofoni ya bei yetu inayoshindana na bati.

Ukimaliza, ipakie YouTube kama video isiyoorodheshwa, ili anayeipata ni mwenye kiungo tu, na uwaelekeze wazazi kuitazama kwa ubora wa 240p au 360p. Kwa 360p dakika nane hugharimu takriban MB 40. Kwa mtu wa bando la siku hizo bado ni nyingi, kwa hiyo jiulize kama ujumbe wa sauti hautoshi. Dakika moja ya sauti kwenye WhatsApp haifiki hata robo ya MB. Maelezo ya fasihi simulizi, usomaji wa shairi kwa mahadhi yake, marekebisho ya makosa ya insha: haya yote yanakwenda kwa sauti vizuri kuliko kwa video. Dakika tatu zisizidi, na taja mwanzoni ni zoezi gani.

Majaribio ya Google Forms

Chombo hiki, fomu ya mtandaoni inayosahihisha majibu yenyewe, nakipenda, lakini kinamwadhibu mwalimu mvivu. Jaribio la ngeli lenye nafasi ya kuandika jibu fupi ni mfano mzuri. Umeweka jibu sahihi "KI-VI". Mwanafunzi mmoja ameandika "KI/VI", mwingine "KI - VI" na nafasi pande zote, wa tatu "KI–VI" kwa kistari kirefu kilichowekwa na simu yenyewe. Wote wanajua. Mashine inalinganisha maandishi, haijui ngeli, na wote watatu wamepata sifuri. Mzazi anaona sifuri kwenye simu yake mwenyewe, jioni hiyo hiyo mtoto anagombezwa.

Kwa majibu ya namna hii tumia orodha ya kuchagua, ngeli zote zimeorodheshwa. Kwa Hisabati, weka sharti kwamba jibu liwe namba tu, taja kipimo ndani ya swali ("jibu kwa sentimita, andika namba tupu") na useme mapema kama nusu iandikwe 0.5. Kwenye mipangilio ya alama, chagua zitolewe baadaye baada ya mwalimu kupitia, usiache zitoke papo hapo. Hapo ndipo unapata nafasi ya kurekebisha makosa ya mashine kabla hayajafika sebuleni kwa mtu.

Utambulisho nao una lake. Chaguo hilo la alama za baadaye huwasha ukusanyaji wa barua pepe, lakini usizitegemee kumtambua mwanafunzi: utapata barua pepe za wazazi, na watoto wawili wa nyumba moja watatokea kama mtu mmoja. Ukiweka sharti la jibu moja kwa akaunti moja, mdogo atazuiwa kwa sababu kaka yake ameshajibu kwa simu hiyo hiyo. Usiombe jina peke yake pia: "Asha J.", "Asha Juma" na "ASHA JUMA M" ni mtu yule yule na utajua hivyo baada ya saa nzima ya kulinganisha. Omba namba yake kwenye daftari la mahudhurio, weka sharti iwe kati ya 1 na idadi ya darasa, halafu mkondo kwa orodha ya kuchagua. Jina liwe la tatu, la kuhakikishia tu.

Maswali yawe kumi. Si kwamba wanafunzi ni wavivu. Majibu hutumwa mwishoni kwa mkupuo, na mtandao ukikatika au mwenye simu akipigiwa na kuchukua simu yake, aliyefika swali la 38 bila kuingia kwa akaunti anaweza kupoteza yote. Fomu haina saa ya kuhesabu muda ndani yake, kwa hiyo usijidanganye kwamba ni mtihani. Ni mazoezi. Alama za mwisho wa muhula nazitoa kwa karatasi, darasani, kalamu mkononi. Siku hizi, programu kama ChatGPT zikiwa kwenye simu ile ile, hakuna jaribio la nyumbani linalopima zaidi ya nia njema. Programu hizo hizo zikikutungia maswali wewe, pitia upatanisho wa kisarufi neno kwa neno kabla ya kuchapa. Zinaandika Kiswahili kinachoteleza vizuri, ndiyo sababu kosa la ngeli ndani yake linampita mtu kirahisi.

Matokeo yakikaa kwenye lahajedwali, angalia ruhusa za kiungo. Kiungo kinachomruhusu yeyote kuhariri, kikitumwa kundini, kitahaririwa. Si kwa ubaya, ni kidole cha mtoto kwenye kioo. Ikitokea, usiandike upya. Nenda kwenye historia ya matoleo ya faili, chagua la kabla ya uharibifu, lirejeshe. Lakini jedwali la alama za darasa zima halina sababu ya kuwa kundini tangu mwanzo. NECTA yenyewe, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza wanafunzi na shule bora Januari 2023. Sisi ni nani tuwapange watoto wa kidato cha pili kuanzia wa kwanza hadi wa sitini mbele ya majirani zao? Alama za mtoto zimfikie mzazi wake, kwa ujumbe wa pembeni au kwa karatasi iliyokunjwa.

Mtu wa tatu

Meseji ya saa nne usiku: "Neema, kesho njoo ofisini unione." Mwalimu alikuwa na maana ya daftari. Simu ni ya baba. Au simu ni ya mama, na anayeisoma ni mume aliyeona jina lisilojulikana. Hata kama hakuna kosa lolote, maelezo yake yatakuwa magumu, na anayeumia zaidi ni Neema.

Kanuni yangu ni ya mtu wa tatu: hakuna mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wawili tu, wa kike au wa kiume. Mwanafunzi akikuandikia kwa simu ya nyumbani, mjibu kwa kumtaja mzazi: "Shikamoo mama. Neema ameuliza kuhusu insha. Jibu lake ni hili." Akikuandikia kwa simu asiyopaswa kuwa nayo, usianzishe upelelezi kwenye meseji, mwite mwalimu wa malezi. Baada ya saa mbili usiku hakuna kinachojibiwa, isipokuwa dharura ya afya, na hiyo hupigwa simu. Usitumie kipengele cha ujumbe unaojifuta kwa lolote la kazi. Ukija kuhitaji kuonyesha ulichoandika, kumbukumbu ndiyo wakili wako.

Ukiweza, tenga laini ya kazi. Simu ya laini mbili inabeba WhatsApp ya kawaida kwa laini moja na WhatsApp Business kwa nyingine. Hii ya pili ina majibu ya haraka na ujumbe wa kujiendesha nje ya saa ulizopanga: "Nimepokea, nitajibu kesho saa kumi jioni." Mzazi anatulia, wewe unakula chakula cha usiku. Faida kubwa zaidi ni stetasi. Mwalimu mwenye laini moja hana stetasi ya binafsi. Kila kichekesho cha siasa, kila picha ya harusini na chupa mezani, inatazamwa na mzazi ambaye kesho utamwambia mwanawe hana nidhamu.

Picha za wanafunzi ni jambo ambalo wengi bado wanalichukulia kimzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayosimamia ulinzi wa data nchini humo iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi, ichukuliwe siku ya kuandikisha, itaje picha zitatumika wapi, na mzazi aweze kuiondoa. Bila hiyo, piga picha ya kazi: daftari, mfano wa udongo, bustani ya shule, mikono. Ukipiga darasa, simama nyuma yao. Sare yenye nembo pamoja na jina la mtoto kwenye maelezo ni anwani kamili, mtu mbaya hahitaji kuuliza zaidi. Na ukituma picha kama hati ili isibanwe, jua kwamba taarifa za mahali ilipopigwa, kama simu ilikuwa ikizihifadhi, huenda nayo.

Kuhusu makundi ya walimu wenyewe kwa wenyewe niseme machache. Maazimio ya kazi na maandalio ya masomo yanazunguka humo kwa mamia, mengine yanauzwa. Kabla ya kuchukua, angalia ni ya muhtasari upi, maana mtaala mpya ulianza kuingia Januari 2024 kwa awamu na faili za zamani bado zinatembea zikiwa na tarehe mpya tu juu yake. Angalia idadi ya vipindi kwa wiki, linganisha na ratiba yako. Na futa jina la shule ya mwenye kuliandika, mkaguzi huanza kusoma juu. Kwa vitabu, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vya kiada, ni bora kuliko nakala za picha zenye kurasa zilizoruka. Mtihani wa wilaya au mkoa ukitua kundini kabla ya siku yake, usiufungue wala usiusambaze. Mjulishe mkuu wa shule. "Nimeforwadi tu" haijawahi kumsaidia mtu.

Usiweke kazi yako yote mahali pamoja pa mtandaoni. Mtandao wa X ulifungwa Tanzania Mei 2025, na kuanzia Oktoba 29 mwaka huo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwalimu aliyekuwa na marudio ya kidato cha nne kwenye flashi na nakala moja ya karatasi stationari ya jirani hakupungukiwa na kitu. Ile nakala ya ubao wa matangazo inamhudumia kila siku mtoto ambaye nyumbani hakuna simu janja kabisa, kwa hiyo ibandike kabla ya kutuma, si baada.

Mwaka unapoisha, kundi life. Kutangaza hakutoshi: watoe wazazi mmoja mmoja, ndipo ujitoe na kulifuta, kwa sababu kundi lililoachwa wazi huendelea kuishi na namba zote ndani, na Januari mtu ataanza kuuza viatu humo. Kabla ya hapo pakua faili zako za mazoezi kwenye kompyuta. Futa picha za madaftari na za watoto zilizobaki kwenye simu, pamoja na zile zilizojipakia zenyewe Google Photos, ambazo wengi hawakumbuki kwamba zipo. Orodha ya namba za wazazi mkabidhi mwalimu wa darasa anayepokea, kwa karatasi, kisha uifute. Ile laini ya kazi iweke vocha kidogo wakati wa likizo ili isife.